Gati, Njia ya Miguu au Kivuko: Baa ya Mbali Kando ya Maji Ianzie Wapi?

Nchini Uingereza zimebaki baa ambazo gari la mgeni haliwezi kufika mlangoni, na kadhaa kati ya hizo zimekaa ukingoni mwa maji: penye mlango wa mto, kando ya mfereji wa zamani wa kusafirishia makaa, au katika ghuba ndogo iliyozungukwa na vilima. Old Forge, iliyoko Inverie kwenye rasi ya Knoydart huko Uskoti, haina barabara inayoiunganisha na sehemu nyingine ya nchi; mgeni hufika kwa boti kutoka bandari ya Mallaig, mwendo wa yapata kilomita 11 baharini, au hutembea milimani kutwa nzima au zaidi. Turf, mahali ambapo mfereji wa Exeter unakutana na mlango wa mto Exe huko Devon, hufikiwa kwa miguu, kwa baiskeli au kwa maji. Tŷ Coch, katika kijiji cha Porthdinllaen kaskazini mwa Wales, huwapokea watu walioacha magari yao Morfa Nefyn wakatembea ufukweni au wakakatiza uwanja wa gofu.

Mwenye baa ya namna hii, au anayefikiria kuichukua, hukutana na swali moja mapema sana: fedha alizonazo, ambazo aghalabu ni chache, azielekeze wapi kwanza? Njia kuu ni tatu. Ya kwanza ni kuwavuta wenye boti kwa kuwapatia mahali salama pa kufunga vyombo vyao. Ya pili ni kuwavuta watembeaji kwa kuhakikisha kwamba njia ya miguu inafuatika na kwamba baa yenyewe iko tayari kumpokea mtu aliyelowa na kujaa matope. Ya tatu ni kuwaleta kwa kivuko wale wasio na boti na wasioweza au wasiopenda kutembea mbali. Hakuna kinachoizuia baa kufika mwisho ikiwa na zote tatu, lakini anayezianza zote katika mwaka mmoja huishia na gati fupi mno, njia yenye alama nusu na kivuko kisicho na abiria.

Vigezo vya kulinganishia

Njia hizi zitapimwa kwa mambo matano yale yale: maji na ardhi ya mahali husika vinaruhusu nini, gharama na vibali, saa na misimu ambayo wageni huja, kiasi ambacho mgeni hutumia na mzigo anaouleta jikoni, na mambo yanayoweza kuukwamisha mpango mzima. La kwanza nimelipa nafasi kubwa kuliko mengine kwa sababu ndilo linalosahauliwa mara nyingi zaidi. Watu huanza kwa kujiuliza ni mgeni gani wanayemtaka, ilhali mahali penyewe pameshaamua ni mgeni gani anayeweza kufika.

Maji na ardhi vinaruhusu nini

Kwa wenye boti, ukingo unaoonekana mzuri kutoka dirishani huenda haufai hata kidogo kwa chombo. Boti nyembamba za mifereji ya Uingereza zina upana wa takriban mita 2.1, na ndefu zaidi hufikia mita 21 hivi; sehemu inayozama huwa baina ya nusu mita na robo tatu ya mita. Mfereji wa Shropshire Union unajulikana miongoni mwa mabaharia wake kwa ukingo wa jiwe uliojificha chini ya maji, mfano wa ngazi moja iliyochomoza, unaozuia boti isisogee hadi kando. Anayejaribu kufunga hapo husikia chuma kikisaga jiwe kila chombo kingine kinapopita na kuvuta maji, na hatalala usingizi. Wazoefu hubeba magurudumu au matairi madogo ya kuning'iniza ubavuni ili kuitenga boti na jiwe hilo. Kwa hiyo kabla ya kununua hata pete moja ya kufungia kamba, mwenye baa achukue mti mrefu wenye alama za vipimo, apime kina kila baada ya mita mbili, tena mbali na ukingo kwa upana wa boti nzima. Pete nazo zina hesabu yake: boti hufungwa mbele na nyuma, na pete zilizowekwa mbali mno humlazimisha mwenye boti fupi kuchukua nafasi ya boti mbili.

Ukingo huhesabika pia kwa idadi ya watu. Ukingo wa mita 60 unatosha boti tatu za mita 18, na boti ya namna hiyo mara nyingi hubeba watu wawili. Hao ni watu sita kwenye meza za chakula cha jioni. Kwa baa ndogo huo ni usiku mzuri, lakini kwa baa yenye viti themanini hautoshi kulipa mishahara.

Kwenye maji ya bahari hesabu hubadilika kabisa. Maji hujaa mara mbili kwa siku karibu kila mahali katika pwani ya Uingereza, na saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Kwa baa iliyoko kwenye hori linalokauka, matokeo yake ni haya: Jumamosi hii maji yakijaa saa sita mchana na boti zikaingia kwa chakula, Jumamosi inayofuata saa hiyo hiyo maji yatakuwa yamekupwa, na mbele ya baa kutakuwa na tope tupu. Wateja wa boti wa chakula cha mchana huja wikendi moja na kukosekana inayofuata, na hakuna tangazo litakalobadilisha hilo. Gati la kuelea linalopanda na kushuka pamoja na maji, kama lile la Pandora Inn kwenye hori la Restronguet huko Cornwall, humrahisishia mgeni kushuka kwa kuwa sakafu ya gati hukaa sawa na ukingo wa boti, lakini haliongezi kina pale ambapo maji yameondoka. Gati la nguzo lisilosogea huhitaji ngazi, na mgeni mwenye magoti mabovu hawezi kupanda ngazi yenye utelezi ya mita tatu au nne wakati maji yamekupwa. Katika mlango wa bahari wa Bristol, ambako tofauti ya maji siku za bamvua hufikia takriban mita 14, gati la kawaida la baa ni gumu mno kujengwa. Kwenye sehemu za juu za mito ya Norfolk Broads, mbali na bahari, ambako tofauti hiyo ni ndogo mno, ubao na pete chache hutosha.

Kwa watembeaji swali ni urefu na umbo la njia. Kanuni ya Naismith, iliyotungwa mwaka 1892 na ingali ikitumika, humkadiria mtembeaji kilomita tano kwa saa, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Ukitumia kanuni hiyo, njia ya mzunguko ya kilomita kumi katika nchi tambarare ni saa mbili tu za kutembea, na baa ikiwa katikati yake mgeni hufika akiwa na njaa bila kuwa hoi. Mzunguko una faida kubwa kuliko njia ya kwenda na kurudi pale pale, kwa sababu watu wengi hawapendi kurudia nyayo zao. Kama kuna njia moja tu, basi isiwe ndefu: watu hutembea hadi Tŷ Coch kwa dakika ishirini hivi, na hata familia zenye watoto wadogo huliweza hilo. Njia inayopita ufukweni izingatiwe kwa ratiba ya maji kama ilivyo kwa boti, maana mgeni aliyekuja wakati wa maji kupwa anaweza kukuta njia yake ya kurudi imefunikwa.

Kivuko huonekana kuwa chepesi kwa kuwa chombo kidogo huweza kutia mahali ambapo boti ya mgeni ingeogopa. Jambo linalosahauliwa ni kwamba kivuko kinahitaji magati mawili. Upande wa pili lazima kuwe na mahali halali pa kupakia abiria, maegesho ya magari au kituo cha basi au treni kilicho karibu, na sehemu ya kujikinga na mvua wakati wa kungoja. Turf ina bahati hiyo, kwa kuwa ng'ambo ya mto kuna mji wa Topsham wenye kituo cha treni na boti za kuvusha. Baa ambayo ng'ambo yake ni shamba la mtu na lango lililofungwa haina kivuko, hata ikiwa na boti nzuri namna gani.

Gharama na vibali

Gati ndilo ghali kuliko yote, na karatasi zake ni nyingi zaidi. Sehemu kubwa ya sakafu ya bahari na karibu nusu ya eneo la ufukwe linalofunikwa na kufunuliwa na maji huko England, Wales na Ireland Kaskazini husimamiwa na Crown Estate, taasisi inayosimamia mali za Taji la Kifalme, kwa hiyo nguzo au nanga ya gati inahitaji makubaliano nayo. Uskoti kuna chombo chake kinachofanya kazi hiyo. Juu yake huja leseni ya shughuli za baharini, ambayo England hutolewa na wakala wa serikali uitwao Marine Management Organisation, kibali cha ujenzi cha halmashauri, na pengine masharti ya uhifadhi ikiwa mahali hapo ni makazi ya ndege wa majini, kama yalivyo maeneo mengi ya milango ya mito. Kwenye mifereji ya England na Wales mwenye mamlaka kwa kawaida ni Canal & River Trust, taasisi ya hisani iliyochukua usimamizi huo kutoka kwa shirika la umma mwaka 2012. Iwapo baa iko upande wa njia ya kando ya mfereji, mara nyingi boti zinaruhusiwa kufunga hapo tayari, na kazi ya mwenye baa hubaki kuomba ukingo urekebishwe. Iwapo iko upande wa pili, ruhusa ni yake kuitafuta.

Njia ya miguu ina gharama ndogo lakini inahitaji uvumilivu na watu. Mwenye baa hawezi kujiamulia kuchora njia katika ardhi ya jirani wala kupigilia mishale kwenye nguzo zisizo zake. Haki za kupita huko England na Wales zimeandikwa katika ramani rasmi inayotunzwa na mamlaka ya eneo, na mahali pasipo haki hiyo huhitajika idhini ya mwenye ardhi. Uskoti sheria ya ardhi ya mwaka 2003 imewapa watu uhuru mpana wa kupita kwa staha karibu kila mahali, hivyo kikwazo huko ni daraja lililovunjika au bonde lenye maji kuliko ruhusa. Gharama halisi iko ndani ya baa: sakafu ya mawe au vigae badala ya zulia, bomba la maji na brashi ya kusugulia viatu nje ya mlango, misumari mingi ya kutundikia makoti yanayochuruzika karibu na moto, na bakuli la maji ya mbwa. Mtembeaji anayekuta kibandiko kinachomtaka avue viatu, bila benchi la kukalia anapofungua kamba zake, huelewa kwamba hakutarajiwa.

Kivuko kiko katikati. Boti inayobeba abiria zaidi ya 12 huhesabiwa kuwa meli ya abiria na kuingia katika kanuni nzito zaidi, ndiyo maana vivuko vingi vidogo husimama kwenye idadi hiyo. Hata hivyo nahodha lazima awe na sifa zinazotambuliwa, chombo kikaguliwe, na bima iwe ya kubeba watu kwa malipo. Ninamshauri mwenye baa asinunue boti mwaka wa kwanza. Kufanya mkataba na mwenye kivuko aliyepo, hata ukimhakikishia malipo ya chini kabisa kwa siku zisizo na abiria, kunagharimu kidogo kuliko kujifunza biashara ya pili wakati ya kwanza haijasimama.

Saa na misimu

Hapa tofauti ni kubwa, na inafaa kuitazama kwa jicho la ghala la bia. Bia ya pipa inayoendelea kuchacha ndani ya pipa lake, ambayo ndiyo fahari ya baa nyingi za mashambani, hubaki katika ubora wake kwa takriban siku tatu baada ya kuanza kumiminwa. Pipa dogo la kawaida lina painti 72, yaani karibu lita 41. Ili lisimwagwe, lazima ziuzwe painti 24 kila siku kutoka pipa hilo moja. Baa inayotaka kuweka aina nne za bia za namna hiyo siku za Jumanne za Februari inahitaji kujua wanywaji wa painti hizo wote watatoka wapi.

Hawatatoka kwenye boti. Msimu wa boti za kukodi huanza kwa ujumla karibu na Pasaka na kuisha Oktoba, na kati ya Novemba na Machi Canal & River Trust hufunga malango mbalimbali ya mifereji, yaani mahali boti hupandishwa au kushushwa kutoka usawa mmoja wa maji hadi mwingine, kwa ajili ya matengenezo, hivyo hata wanaoishi kwenye boti huenda wasiweze kufika. Katika msimu wenyewe wenye boti huja kwa saa zinazotabirika: huanza kutafuta mahali pa kufunga kuanzia saa kumi jioni, hula saa moja au saa mbili usiku, na wengi huondoka asubuhi. Baa isiyo na chakula cha jioni siku za katikati ya wiki isijenge gati.

Watembeaji huja mwaka mzima, ila saa zao hufupishwa na jua. Mwezi Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, na magharibi mwa Uskoti mapema zaidi kidogo, kwa hiyo mtembeaji mwenye busara anataka kuwa ameshakula na kuondoka ifikapo saa nane mchana. Jikoni inayofunguliwa saa saba imeshampoteza. Majira ya joto, jua linapochelewa hadi baada ya saa tatu usiku, mtembeaji yule yule anaweza kuja kwa chakula cha jioni na kurudi kukiwa bado na mwanga. Mvua huwapunguza bila kuwakatisha. Siku kavu ya baridi kali yenye jua mara nyingi ni bora kwao kuliko siku ya kiangazi yenye joto.

Kivuko hufuata msimu wa watalii na hali ya upepo. Uzuri wake ni kwamba mwenye baa ndiye anayepanga ratiba, na akiwa na busara ataipanga kwa saa ambazo jikoni imepoa, kwa mfano kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja.

Mgeni anatumia nini, na jikoni inabeba nini

Mwenye boti aliyefunga kamba kwa usiku mmoja hana haraka wala hana gari la kuendesha. Atakula kozi mbili, atakunywa, atauliza kama kuna kifungua kinywa, atanunua mkate, maziwa na barafu ukiwa navyo. Yapo pia ambayo ataomba bila kulipia sana: maji safi ya kujaza tangi, mahali pa kutupa taka, umeme. Mwenye baa aamue mapema kipi ni huduma ya bure kwa anayekula na kipi kina bei, kisha aandike hilo kwenye ubao pale gatini, maana ugomvi wa kamba na bili huharibu jina kwa kasi sana miongoni mwa watu wanaokutana katika kila lango la mfereji na kupeana habari.

Mtembeaji hutumia kidogo kwa kichwa, lakini vichwa ni vingi na huja kwa kupishana. Supu, mkate, sahani moja nzito, painti moja au mbili, chai, kipande cha keki cha kubeba. Jikoni inayoweza kutoa vyakula vinne au vitano kwa wepesi inamtosha. Orodha ndefu inamchelewesha. Vikundi vya watembeaji ni jambo lingine. Watu ishirini na watano wakifika bila taarifa katika baa yenye mpishi mmoja, wote hukasirika, wakiwemo waliokuwa wamekaa kabla yao. Suluhisho ni nambari ya simu iliyowekwa wazi pamoja na ombi kwa vikundi kuagiza siku moja kabla, na hili ni muhimu zaidi mahali ambapo mtandao wa simu haushiki karibu na baa, kwa sababu kikundi kikishaanza kutembea hakiwezi tena kutoa taarifa.

Abiria wa kivuko huja mithili ya wimbi. Watu kumi na wawili hushuka kwa pamoja, huagiza ndani ya dakika kumi, na wote wanataka kumaliza kabla ya boti ya kurudi. Ukiipa kivuko safari moja tu kwa alasiri nzima, jikoni hubanwa mara moja kisha hukaa bure; safari mbili zenye tofauti ya saa moja na nusu huusambaza mzigo huo. Kwa matumizi, abiria hawa hukaribia wenye boti: wamekuja kwa ajili ya baa yenyewe, wamelipa nauli, na wengi wanasherehekea jambo fulani.

Yanayoweza kukwamisha

Gati huvunjwa na dhoruba, huziba kwa mchanga na tope, na huleta dhamana: chini ya sheria ya mwaka 1957 ya England na Wales, mwenye eneo ana wajibu wa kuchukua tahadhari ya kutosha kwa usalama wa wageni wake, na gati lenye utelezi usiku, kwa watu waliokunywa, ni mahali pa kufikiriwa kwa makini. Taa za chini, wavu wa kuzuia kuteleza, ngazi za kutokea majini na maboya ya kuokolea vihesabiwe ndani ya gharama ya gati. Maji yenyewe pia hukosekana. Kiangazi cha mwaka 2025 ukame ulifunga sehemu za mfereji wa Leeds na Liverpool pamoja na mifereji mingine ya kaskazini, na baa iliyotegemea boti pekee haikuwa na namna ya kuzileta.

Njia ya miguu hukwamishwa na vitu vidogo: daraja la mbao lililooza, ng'ombe wenye ndama katika shamba ambalo njia inapita, mafuriko, au maegesho ya mwanzo wa njia yanapofungwa. Hili la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Watembeaji wengi wa siku moja huanza safari yao kwa gari, na baa ya mbali mara nyingi haimiliki maegesho wanayoyategemea.

Kivuko hukwamishwa na upepo, ugonjwa wa nahodha na injini. Baa iwe tayari kwa siku ambayo watu kumi na wawili wamevushwa na hawawezi kurudishwa.

Iko pia hatari isiyo ya njia moja peke yake. Berney Arms, kwenye mto Yare huko Norfolk, ilikuwa na karibu kila kitu ambacho baa ya mbali ingekitamani. Boti husimama hapo kusubiri wakati mwafaka wa maji kabla ya kuvuka Breydon Water kuelekea Great Yarmouth. Njia mbili za masafa marefu, Weavers' Way na Wherryman's Way, hupita hapo. Ipo hata stesheni ndogo ya reli isiyo na barabara, iliyotokana na sharti la mwenye ardhi alipoiuzia reli eneo hilo katika miaka ya 1840. Pamoja na hayo yote, baa hiyo ilifungwa katikati ya miaka ya 2010. Kufikika ni sharti la lazima, lakini mahali ambapo mizigo, wafanyakazi na mapipa navyo lazima vivuke maji au kinamasi, kila painti ina gharama ya ziada ambayo wingi wa wageni wa miezi sita huenda usiifidie. Old Forge yenyewe ilinunuliwa na wakazi wa eneo lake mwaka 2022, na katika mahali pa namna hiyo mwenyeji anayekunywa hapo mwezi Januari ana thamani isiyopimwa kwa bili yake.

Kuchagua kulingana na hali

Ikiwa baa iko kwenye mfereji au mto usio na kupwa na kujaa kwingi, ukingo una kina, na jikoni tayari inatoa chakula cha jioni siku sita kwa wiki, wenye boti ndio wa kuanza nao. Anza na ukingo ulionyooka, pete za kutosha na bomba la maji, kabla ya kufikiria umeme. Uongeze mambo ya watembeaji majira ya kupukutika kwa majani, kabla boti hazijaisha.

Ikiwa iko kwenye hori linalokauka, tazama ratiba ya maji ya mwaka mzima, uweke alama wikendi ambazo maji yanajaa kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Wikendi hizo zitangazwe kwa vilabu vya boti vya jirani, na zile nyingine zitegemee miguu. Maboya machache ya kufungia, yaliyotiwa kwenye kina kinachobaki hata maji yakipwa, pamoja na kiboti cha kuwaleta watu ufukweni, yanaweza kufaa kuliko gati zima.

Ikiwa iko ndani ya mwendo wa saa moja na nusu kutoka kijiji, kituo cha basi au maegesho ya umma, na hasa ikiwa inataka kufungua majira ya baridi, watembeaji ndio msingi. Baa inayoendeshwa na watu wawili na jikoni ndogo itaona pia kwamba mgeni huyu ndiye anayeendana na uwezo wake.

Ikiwa njia ya nchi kavu ni ndefu mno kwa familia na wazee, na ng'ambo kuna mji wenye usafiri, kivuko cha mkataba kijaribiwe kwa msimu mmoja. Tiketi zinazouzwa pamoja na nafasi ya meza huonyesha mapema kama mahitaji yapo. Ikiwa pia watembeaji wanaweza kuja kwa miguu na kurudi kwa boti, kivuko huifanya njia isiyo na mzunguko iwe kama ina mzunguko, na hapo njia mbili husaidiana kuliko zinavyoshindana.

Ikiwa hakuna gati, ng'ambo hakuna mji, na njia ni ya kutwa nzima, hakuna hata moja kati ya hizi tatu itakayojaza viti vya wageni wa mchana. Baa ya namna hiyo inahitaji vitanda au eneo la mahema kwanza, kwa sababu aliyesafiri kutwa kuifikia lazima alale, na ndipo chakula cha jioni, kifungua kinywa na mkate wa njiani vinapopata mnunuzi.

Na ikiwa mwenye kusoma haya ni mpangaji, kama walivyo waendeshaji wengi wa baa za Uingereza wanaokodi kutoka kampuni za baa au viwanda vya bia, aangalie kwanza miaka iliyobaki kwenye mkataba wake. Gati lililojengwa kwenye ardhi ya mwenye nyumba hubaki kwa mwenye nyumba, tena linaweza kuwa sababu ya kodi kupanda mkataba unapopitiwa upya. Mpangaji mwenye miaka mitatu mbele yake afanye yale ambayo atayaona matunda yake ndani ya muda huo: bomba la viatu, supu iliyo tayari saa tano na nusu asubuhi, mkataba wa kivuko unaofutika kwa taarifa ya mwezi mmoja, na suala la gati alipeleke kwa mwenye nyumba kwa maandishi, pamoja na vipimo vya kina, ili gharama ibebwe na yule atakayebaki nalo.